Irabu Tupu Mlangoni

Siku ya harusi yake Mwanasaumu alikatazwa kila kitu. Asicheke, asiinue macho, asijikune hata pua ikimwasha, na zaidi ya yote, asinene. Bi Mwanatabu, somo yake, yaani yule mama mtu mzima aliyemfunda mambo ya nyumba, alimwambia tangu asubuhi huku akimfunga kifuani kikuba, kile kifungo cha maua ya asumini:

"Mwanangu, leo wewe huna mdomo. Ukitaka maji, tikisa kidole. Ukitaka kufa, ngoja kesho."

"Abee, somo."

"Ushaanza!"

Basi akanyamaza. Akaketi juu ya kitanda katika chumba cha ndani, nyumbani kwa mamake huko Likoni, amefunikwa leso ya kisutu kichwa kizima, anaona miguu ya watu tu. Miguu ya mashoga zake inaingia, inatoka. Chetezo cha udi kimewekwa chini ya kitanda, na moshi wote unampanda yeye. Nikaha ilikwisha kusomwa msikitini baada ya alasiri, kwa hivyo kwa sheria yeye alikuwa mke wa Bakari tayari. Lililobaki ni Bakari kuletwa na watu wake mpaka mlango wa chumba, aingie, amwekee mkono kichwani, fungate ianze.

Na chini ya ile leso Mwanasaumu hakuwa akifikiri habari ya mkono wala ya fungate. Alikuwa akifikiri chaki.

Maana Mwanasaumu alikuwa mwalimu. Mwalimu wa cheti! Alikuwa ametoka chuo cha ualimu mwaka wa sitini, na mwaka huu wa sitini na mbili alikuwa na darasa lake la pili pale pale Likoni, watoto wamejaa hadi dirishani, na alilipenda darasa lile kupita kiasi. Alipoposwa, jambo alilouliza ni moja tu: nitaendelea kufundisha? Bakari, karani wa bandarini, kijana wa Kisauni, akarudisha jibu kupitia kwa nduguye Mwanasaumu: "Ataendelea, inshallah."

Jibu zuri. Lakini Bakari hakulelewa na babake. Alilelewa na ami yake, Mzee Mwidani, ndugu mdogo wa babake, na Mzee Mwidani alikuwa amesema barazani kwake, mbele za watu, kwamba mke wa nyumba yao hashiki chaki. Na Bakari alikuwapo. Na hakusema kitu. Hakukubali, hakukataa, alikunywa kahawa yake tu. Habari hiyo ilivuka kivuko siku hiyo hiyo ikamfikia Mwanasaumu haijapoa.

Sasa, inshallah ya mtu ambaye ami yake hayupo ni moja. Inshallah ya mtu huyo huyo, ami yake akiwa amesimama ubavuni mwake, hiyo ni ipi? Ndilo lililokuwa likimchoma. Mwalimu mkuu alikuwa amemwekea nafasi yake mpaka fungate iishe, basi. Fungate ikiisha asipoonekana, darasa lapewa mtu mwingine.

"Wamefika!" akapiga kelele Kanze, na chumba kizima kikaruka.

Kanze alikuwa shoga yake wa chuoni. Msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, wa kanisani, mwalimu pia, anafundisha Changamwe. Mrefu, mcheshi, sauti yake yasikika ng'ambo ya pili. Kwa ajili ya harusi hii alikuwa amejifunga leso kama mtu wa Likoni na amepakwa hina kama mtu wa Likoni, na mkononi alikuwa na kifuko cha kitambaa kinacholialia kama kimejaa kokwa. Humo mlikuwa na vibao vya herufi.

Vile vibao vilitoka chuoni. Bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa akiwafundisha aliwaletea mchezo wa maneno: wachota vibao saba bila kutazama, kila kibao kina herufi moja, watunga neno la Kizungu, ukalipanga ubaoni, ukahesabiwa alama. Jumamosi za mvua walikuwa hawafanyi lingine. Na kila msichana alipochota akapata irabu tupu, a na e na i na o na u bila herufi nyingine ya kuzishika, alikuwa akilia kama aliyefiwa. Isipokuwa Kanze.

"Mwalia nini?" Kanze angesema. "Sisi tumelelewa na irabu. Neno gani la kwetu lisiloishia na irabu? Hii ni mali yetu! Kazi ni kutafuta Wazungu wameiweka wapi."

Akaitafuta kweli. Alikaa na kamusi ya chuo kama mtu aliyekaa na sinia ya pilau. Akatoka na aloe, ambayo ni shubiri ile ile inayopakwa chuchu watoto waache ziwa. Akatoka na oboe, ambalo ni zumari la Kizungu. Adieu, kwaheri ya wenye madaha. Iota, kitu kidogo hata hakionekani. Aerie, kiota cha tai. Kisha yakaja yale ya irabu tupu, yaliyowafanya wenzake wampigie kelele kwamba ameyatunga: aa, mawe yaliyotapikwa na mlima wa moto. Eau, maji, yale yaliyoandikwa kwenye chupa ya marashi ya udikoloni. Na ai, mnyama wa Amerika ya Kusini. Kamusi ikafunguliwa, yakaonekana yote. Tangu hapo hapakuwa na mtu wa kumshinda Kanze, na wa pili wake alikuwa Mwanasaumu, kwa kuwa walilala kitanda kwa kitanda na Kanze alikuwa hawezi kujua neno akanyamaza.

Na Bakari aliingiaje? Aliingia kwa mchezo huo huo. Siku ya wageni alikuja chuoni kumtazama binamu yake, akakuta wasichana wanacheza, akasema yeye karani, Kizungu ndicho chakula chake, apewe nafasi. Kanze akampa nafasi na kipigo juu. Bakari akasimama akalalamika mbele ya wageni: "Nimechota irabu tupu! Hakuna mtu duniani awezaye kutunga neno kwa irabu tupu!" Aliyekuwa akiandika hesabu za mchezo ni Mwanasaumu, na alicheka mpaka akaharibu karatasi. Bakari akamwangalia. Ndiyo hivyo, posa ikatoka hapo.

Kwa hiyo Kanze alikuwa ana lake siku nyingi. Aliposikia kwamba harusi ya Waswahili ina mlango unaofungwa, bwana harusi akabishiwa kabla ya kuingia, alimwendea Bi Mwanatabu akapiga magoti. "Somo, nakuomba, mlango uwe wangu kidogo."

"Chukua, mwanangu. Cheka naye kidogo, kisha niachie mimi."

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na halikuwa kosa la ubaya. Likoni kila mtu ajua mlango ule ni mchezo. Bwana harusi hugonga, huulizwa yeye nani, hutaniwa, hutoa leso mbili za somo, mlango hufunguliwa, vigelegele. Mwisho wake wajulikana hata kabla haujaanza. Lakini Kanze hakuambiwa hivyo, maana nani angefikiri kwamba yuko mtu asiyejua? Kwa Kanze mlango ukifungwa umefungwa. Mtu apewe mtihani, na afaulu.

Ukumbi ukajaa wanaume. Mlango wa chumba ulikuwa na mnyororo, ukafunguka kiasi cha sinia kupita.

"Hodi wenyewe!" Bakari akaita.

"Nani wewe?"

"Mwenye mali yake!"

"Mali haina jina lako," akasema Kanze, na wasichana wakaangua kicheko. "Shemeji, wanikumbuka?"

"Kanze," akasema Bakari, kama mtu aliyeona nyoka. "Usiniambie umeleta vile vibao."

Kanze akatoa sinia. Juu yake vibao saba: A, A, E, I, I, O, U. Wala hakuvichota bila kutazama. Alivichagua usiku uliopita kimoja kimoja. "Neno moja tu la Kizungu, shemeji. Wapata neno, wapata mke."

Wanaume wakacheka. Wenzake Bakari wa bandarini wakaizunguka sinia kama wanatazama bao. Mmoja akasema weka hii, mwingine akasema ondoa hii, mmoja akapanga vyote saba akasoma kwa sauti, akaambiwa hiyo si lugha, hiyo ni kupiga miayo. Mzee Mwidani alikuwa amesimama na bakora yake akitabasamu kwa adabu. Basi la kukodi lilikuwa likiwangoja ng'ambo ya kivuko, na giza halikuwa mbali, lakini mchezo ni mchezo.

Bakari akafikiri. Kisha akachukua vibao viwili, akaviweka mbele: O, A.

"Oa," akasema. "Nimekuja kuoa. Neno hilo hapo!"

Lo! Ukumbi ulilipuka. Chumbani pia. Hata Bi Mwanatabu alijipiga paja, akanyanyuka kuelekea mnyororo, kwa sababu mchezo umekwisha na umekwisha vizuri. Mwanasaumu chini ya leso aliuma midomo asicheke.

"Hapana," akasema Kanze.

"Hapana nini?" Bakari akauliza.

"Hilo ni la Kiswahili. Nimesema Kizungu."

"Kanze," Bi Mwanatabu akanong'ona, "yatosha."

"Bado, somo, hajapata! Lipo, mimi nalijua, na Mwanasaumu pia analijua."

Na sauti ya Kanze, kama ilivyosemwa, yasikika ng'ambo ya pili. Mzee Mwidani aliacha kutabasamu.

"Neno la Kiswahili halitoshi?" akauliza, polepole. "Katika nyumba ya Waswahili? Watu wangoja Uhuru, nyinyi mwatufungia milango kwa Kizungu?" Angeishia hapo, jambo lingepoa. Hakuishia hapo. "Mimi nilisema. Nilisema tangu mwanzo. Mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya watu na chaki mkononi, ndivyo watakavyokuwa jamaa zake. Tumekuja kuchukua mke ama kufanya mtihani? Huyu amefundwa na nani?"

Alah! Amefundwa na nani! Na aliyemfunda amesimama pale pale, mkono juu ya mnyororo.

Bi Mwanatabu aliushusha mkono. Akausukuma mlango ukajifunga, akatia komeo, akavuta kigoda, akaketi mgongo kwenye mbao.

"Amefundwa na mimi, Mwanatabu," akasema kwa sauti ya kusikika vizuri. "Na sasa hata mimi nalitaka hilo neno. La Kizungu."

"Somo," akasema Kanze, rangi imemtoka, "mimi nilikuwa nacheza. Tufungue. Nakuomba tufungue, mimi nitaomba radhi."

"Kaa chini, mwanangu. Kazi yako imekwisha."

Huko nje Mzee Mwidani akapiga bakora sakafuni mara moja. "Bakari, kama mlango umefungwa, umefungwa. Twende zetu. Tutarudi wakijua heshima."

Chumbani kila mtu alielewa maana yake. Bwana harusi akirudi na basi usiku wa kuingia, huyo bibi harusi amekwisha. Kesho hapana kisima wala duka litakalozungumza jambo lingine. Mamake Mwanasaumu, aliyekuwa jikoni na masufuria, alikuja mbio mpaka dirishani akaanza kulia bila sauti. Bi Mwanatabu alimwona, lakini hakutoka kwenye kigoda. Ametajwa kufunda kwake mbele ya wanaume, angeinukaje?

Na Bakari hakusema kitu.

Mwanasaumu alisikiliza kimya kile. Alikijua. Ni kimya cha barazani, kimya cha kahawa. Akaona wazi kwamba kama kitaendelea, basi hata mlango ukifunguliwa leo, hata ikiwa kwa radhi na kwa machozi ya mamake, jibu la chaki limekwisha kutolewa. Na akasikia jambo jingine: vibao bado vinalia mkononi mwa Bakari nyuma ya mlango, kwa hivyo hajaondoka.

Akaifunua leso usoni.

"Bakari," akasema.

Kila mwanamke chumbani akashika mdomo, kama kwamba wao ndio walionena.

"Bakari, weka A na I."

Ukumbini ikasikika sauti ya Mzee Mwidani: "Nani huyo aliyesema?"

Hapo Bakari angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ni mmoja wa wasichana. Angeweza kusema amelikumbuka mwenyewe, akaweka vibao akaingia zake, na mtu asingemuuliza. Mwanasaumu alimngoja.

"Ni mke wangu, ami," akasema Bakari.

"Bibi harusi anena?"

"Amenena. Nami namsikiliza." Vikasikika vibao viwili vikigongwa kwenye sinia. "A, I. Haya, limekuwa."

"Limekuwa nini? Ni kitu gani hicho?"

"Wallahi sijui, ami. Ameniambia niweke." Kisha akaukaribia mlango, na sauti yake ilikuwa karibu na kucheka na karibu na kulia. "Mwanasaumu, nimeweka nini?"

"Mnyama wa Amerika ya Kusini," akasema Mwanasaumu kwa sauti ya darasani, kwa kuwa hakuwa na nyingine. "Yuaning'inia mtini. Hana haraka."

Mmoja wa makarani akapasuka kicheko, akafuatwa na wa pili, na wasichana chumbani wakapiga vigelegele kabla Bi Mwanatabu hajawaruhusu. Mzee Mwidani hakucheka. Alingoja wamalize.

"Bakari," akasema, "leo amenena kabla hujaingia. Fungate ikiisha atanena na nani?"

"Na watoto wa darasa la pili, ami. Nilimwahidi."

"Ulimwahidi lini? Mbona mimi sikusikia?"

"Hukusikia kwa sababu sikukwambia. Nilikuogopa. Nisamehe kwa hilo, lakini ahadi ni ahadi."

Mzee akamsogelea. Wote walidhani atamwinulia bakora, lakini aliitia kwapani tu. "Haya," akasema. "Basi langoja." Akatoka bila kuonja pilau, na baadhi ya wazee wakamfuata kwa kuwa alikuja nao. Bakari alimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa nje. Miguu yake haikutoka mahali pake.

Bi Mwanatabu akainuka, akatoa komeo. Mlangoni akamtazama Bakari kutoka kilemba hadi viatu. "Leso zangu ziko wapi?"

"Hizi hapa, somo. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, na uache kutetemeka, hapana anayekula mtu humu." Na kwa Mwanasaumu, akiwa anamfunika tena kwa nguvu kama anayefunika sufuria: "Wewe tutazungumza."

Bakari akaingia, akamwekea mkono kichwani, akasoma dua yake, akakosea katikati akaanza upya. Alipomaliza akainama kidogo.

"Ami amekasirika," akanong'ona.

"Nimesikia."

"Hatasema nami muda mrefu. Sidhani tutakaa Kisauni. Labda tupate chumba Changamwe, karibu na Kanze."

"Na kivuko je, kila asubuhi?"

"Utavuka. Tutaamka mapema."

"Nyinyi!" Bi Mwanatabu akapiga kelele. "Mkono hata haujatoka kichwani, mwazungumza vyumba!"

Kanze alikuwa kwenye pembe anakusanya vibao vyake, analia na kucheka kwa pamoja. Kabla hajatoka aliomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mpishi, ambaye hakujua kumetokea nini.

Habari ilienea, bila shaka. Likoni nzima walimwita bibi harusi aliyenena, na wapo walioongeza kwamba alitoka kitandani akamvuta mume kwa joho, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Chumba kilipatikana Changamwe, kimoja, mabati yake yavuja upande wa jikoni. Mke wa ami alituma salamu na kuku wawili. Ami mwenyewe hakutuma kitu, na Bakari kila Ijumaa alikuwa akienda Kisauni, akisalimu, akijibiwa marahaba na hakuna zaidi, akirudi.

Fungate ilipokwisha, Mwanasaumu alipanda basi, akavuka kivuko, akaingia darasani mwake. Watoto wakasimama. Walikuwa wamesikia mambo, ilionekana machoni, na wote waliikodolea macho hina ya mikono yake.

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba. Kaeni."

Akachukua chaki, akaandika tarehe.